Jina Nililomshonea Boay

Hashimu alizikwa Jumanne, na siku ya kuanua tanga wanaume walikuwa wamesharudi kwenye mpira. Sikuwashangaa. Hashimu mwenyewe angewashangaa kama wangekaa kimya chini ya turubai pale Maisaka, wakati timu yao ya Dar imesajili mshambuliaji mpya na bado hajafunga hata goli la kuotea. Nilikuwa upande wa wanawake nasaidia kupakua pilau, lakini masikio yangu yalikuwa kwao. "Wametuletea mtu wa mbio," alisema mtoto mkubwa wa marehemu. "Anakimbia, anakimbia, akifika golini anaanza kutafuta nani ampe." Mwalimu Paulo, ambaye amestaafu zamani na bado anaongea kama ameshika chaki, akamkatalia: "Mnamlaumu bure. Winga hakuna, beki wa kulia hapandi. Mpira unamfikia vipi?" "Acha bwana Mwalimu! Lile ni garasa." Wakacheka wote. Nikatupa jicho benchi la nyuma, alipokuwa amekaa mwanaume mwenye koti la kahawia na ndevu zilizoanza mvi, aliyefika asubuhi ile kwa basi kutoka juu, upande wa Mbulu. Naye alikuwa anacheka, kicheko cha kawaida cha mtu mzima msibani. Mimi mkono ulinisimama na mwiko ndani ya sufuria. Yule alikuwa Boay. Sikuwa nimemtia machoni tangu tukiwa vijana, na neno lile walilokuwa wanalicheka lilikuwa jina lake la mpira kwa msimu mmoja. Aliyempa ni mimi.

Mwaka ninaousema ni ule mkoa wetu ulipokuwa mchanga. Ofisi za serikali zilikuwa zinahamia kwenye nyumba za kupanga, kila basi la Arusha linashusha watu wenye mabegi na vyeti, na Babati nzima ilijiona imeshakuwa mji mkubwa, isipokuwa kwenye mpira. Timu yetu tuliiita Viboko, kwa ajili ya wale wa ziwani, na wapinzani walisema jina limetukaa kweli maana wachezaji wetu walikuwa wazito na walipenda kulala. Mimi nilikuwa na cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa, jirani na soko, na mbele yangu kulikuwa na mabenchi ya kahawa ambayo ndiyo yalikuwa bunge letu. Hashimu, mkata tiketi za mabasi, alikuwa spika. Mwalimu Paulo alikuja akitoka shule, vumbi la chaki bado liko kwenye mikono ya shati. Walicheza karata, wakanywa kahawa na kashata, na wakabishana habari za Viboko mpaka muuza kahawa anakusanya vikombe vyake. Nami nilibishana nao bila kunyanyua mguu kwenye pedeli. Wanawake wa pale sokoni walisema huyu Zuhura atazeekea kwa baba yake kwa kupenda kujua nani anacheza namba sita. Ni kweli, nilipenda sana kujua nani anacheza namba sita. Nilipenda zaidi niliposema jambo na baraza zima likacheka, Hashimu akashika tumbo, Mwalimu akavua miwani afute machozi. Hiyo ndiyo raha iliyoniponza.

"Shida yetu ni kushoto," Hashimu alikuwa anasema kila siku ya Mungu. "Beki wa kushoto ni uchochoro. Hata bibi yangu na kikapu chake anapita pale."

"Unamwonea," Mwalimu alijibu. "Kiungo ndiye anayekaba kwa macho. Beki atafanya nini akijiwa na watu watatu?"

"Nyie mnahangaika na nyuma tu," nilidakia. "Tunafungwa, sawa. Sisi tumemfunga nani? Tafuteni straika. Akifunga mawili kila Jumapili, nani atakumbuka uchochoro?"

Basi mwenyekiti wa timu akatafuta straika. Alimtoa juu huko, kwenye mashindano ya kata, ambako walisema alikuwa anafunga peku peku mpaka makipa wanaomba kubadilishwa. Boay alikuwa mrefu, mwembamba, mpole kupita kiasi, Kiswahili chake ni cha darasani kilichochanganyika na lafudhi ya Kiiraqw, ile ya kutokea kooni. Tulimsubiri kwa hamu. Jumapili ya kwanza alipigiwa mpira safi, kipa ameshaanguka, goli liko wazi, hakuna mtu hata mmoja wa kumsumbua. Akaupiga ukaenda kwenye mahindi ya watu nyuma ya uwanja. Tukasema ni woga wa ugeni. Kipindi cha pili akabaki tena na kipa, akampasia kipa. Jamani! Nilirudi nyumbani nina hasira za mtu aliyedhulumiwa. Siku iliyofuata barazani walikuwa wanacheza karata wamenuna, Hashimu akatupa karata mbovu mezani na kusonya. Kwenye karata kuna zile zisizo na pointi hata moja, ambazo mchezaji anazitupa ili aokoe zenye maana, na hizo ndizo zinaitwa garasa. Mimi, mguu uko kwenye pedeli, nikamwambia, "Hashimu, hiyo mbona si karata? Huyo si Boay?" Walicheka mpaka mwenye duka akatoka ndani kuuliza kuna nini. Kufikia jioni neno lilikuwa limefika stendi, na Jumapili iliyofuata uwanja mzima ulikuwa unamwita Garasa.

Siku hizi nikisikia vijana wakiita mchezaji garasa kwenye redio, najua kwamba neno hilo halikuanzia kwangu, kila mji una benchi lake na kila benchi lina karata zake. Lakini kwa Boay lilianzia kwangu, tena nilikuwa namfahamu. Hapo ndipo ninapojichukia. Alikuwa ameshakuja barazani kupunguza suruali, akakaa kwenye kigoda changu akisubiri, akanisimulia mambo yake kwa sauti ya chini. Baba yake alikuwa mwinjilisti. Mpira kwao haukuwa dhambi hasa, ila ulikuwa unakaa karibu na dhambi. Mzee alimruhusu msimu mmoja tu, hadi mavuno. Viboko wakipanda daraja, atabaki mjini acheze. Wasipopanda, atarudi nyumbani, ataingia chuo cha Biblia, na habari ya mpira iishe, isitajwe tena. "Ninajua kucheza, dada," aliniambia. "Miguu tu ndiyo inaogopa watu." Nilimpa suruali yake nikamwambia usijali, utazoea. Na baada ya yote hayo, nilipopata nafasi ya kuchekesha watu, sikujiuliza mara mbili.

Alikuja kuniuliza mwenyewe. Ilikuwa mchana, mabenchi yamejaa, akasimama mbele ya cherehani ameshika jezi yake iliyokunjwa. "Dada Zuhura, garasa ni nini?" Nyuma yake Hashimu akaziba mdomo kwa karata alizoshika. Sisi sote hatukuwa tumefikiria kwamba kuna mtu mzima Tanzania hii asiyejua garasa. Lakini kwa akina Boay karata zilihesabiwa pamoja na pombe, hajawahi kuzishika wala kukaa mahali zinapochezwa. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kumwambia ni utani wa watu wa mpira, asijali. Nilimtazama usoni nikamwambia, "Garasa? Ndiyo karata inayokula nyingine zote. Akitokea garasa, wote wanakaa chini." Uso wake ulifunguka, loo, sijui nisemeje. Akakunjua jezi akauliza kama naweza kumwandikia jina hilo mgongoni, kwa uzi. Nikasema naweza. Nilingoja aondoke ndipo tukacheka, na nafikiri sijawahi kucheka vile tena.

Nilishona jina lile kwa uzi wa njano, herufi moja moja, nikazizungushia ukingo ili zisifumuke. Kama ningelishona ovyo, labda leo ningekuwa na nafuu kidogo. Lakini mimi ni fundi, mkono wangu haujui kuharibu, na nilitaka lionekane hadi upande wa pili wa uwanja. Jumapili alipotoka nalo, kicheko kilianza upande wa stendi kikazunguka uwanja wote. Yeye akainua mikono miwili kutushukuru. Kisha akafunga. Kona ilipigwa, akaruka juu ya mabeki wawili, kichwa, nyavuni. Watu kwanza hawakujua wafanye nini, halafu wakapiga kelele "Garasa!" na safari hii nusu yao hawakuwa wanatania. Jumapili ya pili akafunga tena. Ugenini Kondoa akafunga mawili. Kufikia mvua za mwisho watoto wa mtaa wa Nangara walikuwa wanacheza makopo barabarani na kila mmoja anagombea kuwa Garasa, na barazani kwetu kukawa na kesi kubwa kama bado ni halali kuita karata mbovu kwa jina la mchezaji bora wa mkoa. Mwalimu alipendekeza karata zitafutiwe jina jingine. Hashimu alikataa, akasema karata zilikuwa na jina hilo kabla Boay hajazaliwa. Mimi nilijiambia kwamba uongo wangu umegeuka dawa, na kwa wiki kadhaa nililala usingizi mzuri.

Ikabaki mechi moja. Tukishinda tunapanda, tukitoka sare wanapanda wenzetu wa Singida. Wiki hiyo baba yake Boay alishuka kutoka juu kumtazama mwanae, na nilimkuta kwa Mama Pendo, mama ntilie wetu, kwenye kile chumba chake chenye meza ndefu na ukuta mweusi kwa moshi. Alikuwa amevaa koti zito katika joto la mchana, mbele yake kuna ugali na perege wa kukaanga, mwanae yuko pembeni amevaa jezi yake kama ya sikukuu. "Shikamoo baba," nikamwambia. "Marahaba, binti yangu." Boay akamwambia ndiye huyu. Mzee akaweka chini tonge alilokuwa ameshalimega. "Nimesikia wewe ndiye uliyempa mwanangu jina zuri," akasema. "Mimi nilidhani mji utamla. Kumbe kuna watu walimpokea na wakampa jina la kumtia nguvu. Njoo nikuombee." Akanishika mkono, mkono wake ukiwa bado na unyevu wa maji ya kunawa, akaniombea mbele ya watu waliokuwa wanakula, kwa Kiiraqw kisha kwa Kiswahili, kwamba Mungu anibariki mimi na kazi ya mikono yangu. Mama Pendo alijua ukweli wote. Alisimama na upawa wake akaangalia pembeni. Mimi nilitoka mle bila kula.

Baraka zile zilinishinda kubeba. Jumamosi mchana, siku moja kabla ya mechi, nilikwenda Nangara alikopanga na wenzake wawili. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja na godoro moja la chini, jiko la mchina kwenye pembe, makande yanaiva, na madirishani yanaonekana mahindi ya jirani. Wenzake walikuwa wamekwenda mazoezini mapema, yeye anapaka viatu vyake mafuta. Akanipa kigoda. Nikamwambia yote: garasa ni nini, nani alianza, tulicheka vipi siku ile alipoondoka akidhani swali lake limejibiwa. Nililia sana. Niliongea na kulia mpaka nikaishiwa maneno, na nilipoishiwa nilijisikia mwepesi, Mungu anisamehe, nilijisikia mwepesi kabisa kifuani. Yeye aliendelea kupaka kiatu kilekile. "Kwa hiyo na wewe ulicheka," akasema. Nikasema ndiyo. "Sawa, dada. Asante kwa kuniambia." Akanipakulia makande. Nikayala yote, maana sikuwa nimekula tangu jana, na nikarudi nyumbani nikidhani nimefanya jambo la kiungwana.

Siku ya mechi alitoka akiwa na jezi ileile, lakini uzi ulikuwa umefumuliwa. Mtu mwingine asingeona kitu. Mimi niliona vitundu vya sindano vyote, jina zima linasomeka kwa vitundu. Uwanja uliimba "Garasa! Garasa!" na safari hii ilikuwa sifa tupu, hakuna hata mmoja anayecheka, baba yake amesimama kwenye kamba anapiga makofi. Boay hakuinua mikono. Mpira ulimfikia mara nyingi siku ile, winga alicheza vizuri kuliko msimu wote, na kila ulipomfikia aliusukuma haraka kwa mtu mwingine kama unamuunguza. Mwishoni akabaki na kipa. Nikasimama. Alikuwa na nafasi ya kuchagua upande. Akageuka nyuma kutafuta wa kumpa, na nyuma hapakuwa na mtu. Tulitoka sare ya bila kufungana. Jumatatu alipanda gari na baba yake, begi moja, na Hashimu ndiye aliyewakatia tiketi.

Sasa sikiliza ubishi uliofuata. Mwezi mzima baraza halikuwa na habari nyingine. Hashimu alisema timu iliuawa na uchochoro wa kushoto, kwa sababu straika alikuwa anarudi nyuma kusaidia. Mwalimu alichora kwa chaki sakafuni akaonyesha jinsi kocha alivyokosea kupanga viungo watatu. Mwingine akasema kijana alihongwa na watu wa Singida, na huyo aliyesema hivyo nilimtupia mkasi, ukamkosa kidogo. "Na wewe Zuhura unasemaje?" waliniuliza, kwani hawakuzoea ninyamaze. Nilisema nina kazi nyingi. Nilikuwa na kazi nyingi kweli, sare za shule, nikaziinamia. Wote walikuwa wanatafuta mahali timu ilipobomoka, wamepita kwa beki, kwa kiungo, kwa kocha, kwa mwenyekiti, na mimi nilikuwa nimekaa palepale mbele yao. Tangu hapo nimeupenda mpira kwa kuusikiliza tu. Nimeolewa, nimezaa, nimefiwa, naitwa Mama Nasri, na bado nikisikia mashabiki wanajadili kwa nini straika fulani ameacha kufunga ghafla, naondoka nikaanike nguo.

Kwa hiyo siku ya tanga la Hashimu nilipakua sahani ya Boay mwenyewe, nikaipeleka mpaka benchi la nyuma. Akanyanyuka kunipokea. "Dada Zuhura! Mbona hujazeeka?" Nikamwambia aache uongo wa msibani. Nikakaa karibu naye, tukaongea. Analima vitunguu saumu huko juu, ana watoto wanne, mmoja anasoma uuguzi. Chuo cha Biblia alimaliza, akahubiri miaka michache, akaona shamba linamfaa zaidi. Baba yake alifariki akiwa mzee sana. Alisema kila alipopita stendi Hashimu alimtafutia siti ya dirishani na kumwita Garasa kwa sauti hadi abiria wanageuka, na kwamba yeye hakuwa na kinyongo naye. Nikaona mlango umefunguka. Maneno ya kumwomba radhi nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga tangu ujana wangu. Nikavuta pumzi. Yeye akanitangulia.

"Unajua, dada, mimi nilikuwa najua," akasema, anatenga mifupa ukingoni mwa sahani. "Garasa ni nini. Wenzangu wa chumbani waliniambia wiki ileile uliyoshona. Walinicheka wakachoka."

"Ulikuwa unajua? Sasa jezi ulivaa kwa nini?"

"Kwa sababu wewe uliniambia vingine." Akasogeza mfupa mwingine pembeni. "Nikaziangalia zile herufi. Nikasema, hawa wote wananicheka, haya. Lakini mtu hawezi kushona hivi kitu cha kucheka. Nikasema dada huyu analijua neno kama wanavyolijua wao, ila kwangu ameona kingine. Basi nikawa nacheza kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Kelele zote nilikuwa nazisikia, na nilijua maana yake. Nilikuwa na mmoja."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesimulia habari za kijana mwingine aliyemfahamu zamani, na akaendelea kula. Chini ya turubai Mwalimu alikuwa amefika kwenye beki wa kulia, anawaambia vijana wahesabu krosi zake. Maneno yangu yote yalikuwa yamejaa mdomoni, nisamehe, nisamehe Boay, na nilijua kabisa kwamba nikiyatoa atayapokea, atasema sawa dada, asante kwa kuniambia, na mimi nitarudi nyumbani nimepona. Nikayameza. Nilikwisha kupona mara moja kwa gharama yake. Nikamuuliza kama aongezewe pilau. Akasema kidogo tu, basi lake linakaribia kuondoka. Nikaenda kumpakulia, nikarudi nikakaa naye mpaka akamaliza.